Mtetezi wa kujitolea au wakili wa mtoto?

Wazazi wanapoachana, kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa mahakamani, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi. Swali ni nani amwakilishe.

Wakili anaijua sheria. Anaweza kuhoji mashahidi, kuweka pingamizi na kukata rufaa. Ila gharama yake ni kubwa, na mara nyingi ana kesi nyingi mkononi.

Mtetezi wa kujitolea, yaani mtu asiye wakili anayemsemea mtoto mahakamani bila malipo, hana nguvu hizo. Alichonacho ni muda: humtembelea mtoto kwa baba na kwa mama, huzungumza na walimu, huona ni nani anayemwamsha asubuhi na nani anayejua anachokiogopa. Kisha humweleza hakimu lipi lina maslahi kwa mtoto, hata kama silo analolitaka mtoto mwenyewe. Lakini mafunzo yake ni mafupi kuliko ya wakili, na akielemea upande mmoja, ripoti nzima huharibika.

Palipo na madai ya ukatili, mimi ningetaka wakili kwanza. Ugomvi ukiwa wa malezi ya kila siku, ningemchagua mtetezi, mradi awe na msimamizi na asibadilishwe kesi ikiwa katikati. Mtoto aliyekwisha kumzoea asilazimike kusimulia upya mambo ya kwao kwa mgeni mwingine.