TAHADHARI: Hiyo "talki ya vipodozi" inayotembezwa Dodoma ni jasi

Wenzangu mnaotengeneza poda, sabuni na rangi, kuweni macho. Kuna jamaa anazunguka Majengo na Kizota na viroba vyeupe visivyo na lebo, anasema ni talki daraja la kwanza, yale madini laini ya kutengenezea poda. Mzigo aliomwachia jirani yangu wa dukani ni jasi iliyosagwa, madini ya kutengenezea plasta.

Ujanja wake ni onyesho la ukucha. Anatoa jiwe mfukoni, analikwaruza, anakuapia kwamba hakuna madini mengine laini hivyo. Mwongo! Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambapo 1 ndiyo laini kuliko yote, talki ni 1, jasi ni 2, na ukucha ni kama 2.5, kwa hiyo unakwaruza zote mbili. Na jasi haitafutwi mbali, Itigi ipo tele. Tena jiwe la mfukoni laweza kuwa talki kabisa, kumbe kirobani mna kingine.

Upime unga wake kwa moto. Chota unga mwenyewe, tena chini ya kiroba, uweke kwenye sufuria kavu jikoni na ufunike. Jasi imebeba maji ndani yake: ikikaribia nyuzi 150 inatokota kama uji na kifuniko kinalowa. Talki joto la sufuria haliibabaishi, hubadilika baada ya nyuzi 800 na ushei. Nyunyiza pia unga kidogo juu ya maji: talki huyakataa, huelea. Ukikamulia ndimu ukatoa povu, basi hapo umeuziwa unga wa mawe ya chokaa.

Sasa, hata ikiwa talki kweli, usikimbilie kuipaka watoto. Jiwe la sabuni lina talki iliyochanganyika na madini mengine kama kloriti na magnesaiti. Kwa kuchonga linafaa sana, kwa ngozi hapana. Talki nyingine huchimbwa ikiwa imeshikana na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani, ambayo kwa macho huioni wala moto wa jikoni hauifichui. Daraja la vipodozi linathibitishwa na cheti cha maabara, siyo weupe wa unga. GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, wana maabara hapahapa Dodoma, waulizeni kuhusu vipimo.

Mdai pia leseni ya Tume ya Madini na risiti ya EFD. Huyu ukimwuliza anasema "nitakutumia WhatsApp", kisha simu haipatikani.

Walioshachanganya unga wake kwenye poda: toeni bidhaa dukani leo, na mbakize kiroba kimoja hakijafunguliwa kwa ajili ya polisi.