Audi TT ya 2004: miaka minne na gari langu la milango miwili

Mimi TT ilinikamatia kwenye mfuniko wa tangi la mafuta. Ni duara la alumini lenye skrubu zilizoachwa wazi kuzunguka ukingo, na ukibonyeza kitufe ndani linajifungua. Nikiingia kituo cha mafuta, kijana wa pampu huligusa kwanza kabla ya kuuliza nataka lita ngapi.

Langu liliingia Kenya 2011 kutoka Uingereza, likiwa bado ndani ya umri wa miaka minane unaoruhusiwa na sheria kwa magari yaliyotumika. Nililinunua Nairobi likiwa limeshapita mikono miwili.

Umbo hili lilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1995. Mbunifu Freeman Thomas ni miongoni mwa waliolichora, chini ya Peter Schreyer, mkuu wa ubunifu wa Audi; likafika barabarani 1998, na karibu halikuguswa. Nyongeza inayoonekana zaidi ni kile kidirisha cha pembeni nyuma, na kwangu ndicho kinachoupa mgongo wa paa mteremko wake. Bodi zilitoka Ingolstadt, Ujerumani, zikapelekwa kwa treni hadi Győr, Hungaria, kukamilishwa. Jina linatokana na Tourist Trophy, mashindano ya pikipiki ya Kisiwa cha Man.

Historia yake ina doa pia. Magari ya mwanzo yaliyumba nyuma kwa mwendo mkali kwenye barabara kuu za Ujerumani na watu wakafa. Yaliitwa yarudi, sasipensheni ikarekebishwa, ikaongezwa ESP, mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza, na kile kibawa cha kwenye buti. Ukikuta la miaka hiyo halina kibawa, uliza maswali.

Barabarani ndipo ninapolipenda zaidi. Injini ni ya 1.8 yenye turbo, nguvu za farasi 225, gia sita za mkono, na magurudumu yote manne yanavuta. Nikishuka kuelekea Mai Mahiu alfajiri, barabara bado ina umande, nalikata kona kwa gia ya tatu na halitikisiki. Wazee wa Safari Rally wanakumbuka Hannu Mikkola alivyoshinda 1987 na Audi 200 quattro. Mfumo wa langu wa kuvuta magurudumu manne si ule, lakini nikiwa kwenye kona hizo namkumbuka.

Viti vya nyuma ni vya watoto au mabegi. Matuta nayapanda kwa mshazari, taratibu, hasa ya mitaani yasiyopakwa rangi.

Kilichoniuma ni gereji moja iliyonitoza pesa za mkanda mpya wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, na kunipa risiti. Miezi sita baadaye fundi mwingine alifungua kifuniko, akaupinda mkanda kwa vidole mbele yangu: nyufa tupu, hata maandishi yalishafutika. Ungekatika nikiwa mwendoni, pistoni zingegonga valvu, nazo ziko 20. Siku hiyo tulibadilisha mkanda, tensheni inayoukaza na wota pampu kwa pamoja, nimesimama hapo hapo. Vipuri vya injini si shida kubwa, maana ndiyo iliyofungwa kwenye Golf, Passat na A4 nyingi za wakati ule. Vyangu nilivipata Kirinyaga Road, Nairobi. Vya bodi ndivyo vya kuagiza na kungoja.

Ukitaka kununua, risiti isikutoshe. Nenda na fundi wako, kifuniko kifunguliwe, uuone mkanda kwa macho yako.