Tahadhari: jamaa wa "lenzi ya makro na pete zake" kutoka Nakuru

Wadau wa kamera wa Kisumu, Kakamega na Vihiga, hasa nyinyi mnaohamisha negativu za zamani kwenye kompyuta: kuna jamaa anayejitangaza kuwa yuko Nakuru, anauza lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) pamoja na pete za ekstensheni kwa shilingi 18,500. Msimtumie hata shilingi moja. Zangu amekula, na tangu nianze kuulizia nimepata wengine wawili aliowala vilevile, mmoja wa Kakamega na mwingine wa hapa hapa Kondele.

Marehemu baba mdogo alikuwa na studio pale sokoni Luanda, tangu 1979 hadi alipougua 1997. Kilichobaki ni mikebe mitano ya biskuti iliyojaa negativu: harusi, harambee, watoto wa shule na sweta zao mpya. Nilipofungua mkebe wa pili, harufu ya siki ikanipiga puani. Aliyewahi kushika filamu za zamani anaijua harufu hiyo. Asetati, ile plastiki ya filamu, imeanza kuoza, na ikishaanza hairudi nyuma. Joto na unyevu wa huku kwetu kando ya ziwa huizidishia kasi tu. Kwa hiyo nilikuwa na haraka, na huyo jamaa aliinusa haraka yangu kabla sijamaliza kusema shida yangu.

Kwa ambao hawajaifanya kazi hii: unaweka negativu juu ya kibao cha mwanga, kamera inaangalia chini, unapiga picha ya ile picha. Negativu ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Kihisi cha kamera yangu (kile kibao cha ndani kinachopokea picha), Canon ya daraja la chini, kina upana wa milimita 22 na kidogo. Ili negativu nzima ijae ndani, lenzi lazima iikuze kwa kiasi cha 0.62, yaani 22 na kidogo kwa 36. Lenzi ya kawaida haisogei karibu hivyo, ndipo watu wanatafuta makro, au wanavalisha pete tupu kati ya kamera na lenzi ili lenzi ikae mbali zaidi na kihisi. Ndani ya pete hizo hamna kioo chochote. Ni hewa tu, na pini za kupitisha umeme kutoka kwenye kamera kwenda kwenye lenzi. Hizo pini ndizo kisa chenyewe.

Tangazo lilikuwa na picha safi: lenzi ya milimita 100, imeandikwa 1:1 (yaani kitu kinatua kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi), na pete tatu za 13, 21 na 31 zimepangwa kando yake juu ya meza ya mbao. Kwenye ukingo wa lenzi kulikuwa na mkwaruzo mdogo wenye umbo la mundu. Nilimuuliza kama pete zina pini zinazofanya kazi, kwa sababu lenzi za Canon za aina ile tundu la mwanga huendeshwa kwa umeme, na pete bubu, yaani isiyopitisha umeme, haiwezi kulibana. Akajibu, "Mkubwa, hiyo ni orijino kabisa, kila kitu kinaongea na kamera." Nikamwomba video. Akasema simu yake imeharibika kamera. Muuza kamera ambaye hana kamera! Na mimi nikameza hilo, nikaendelea. Akaniambia kuna mtu wa Eldoret yuko njiani na pesa mkononi. Nikatuma zote, si kwa till, bali kwa laini ya mtu binafsi, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Ni mama watoto," akasema.

Mzigo ulifika Jumatano jioni na matatu ya Nakuru. Nilienda kuuchukua steji na boda, nikaufungulia pale pale kwenye benchi la muuza chai. Gazeti, gazeti, gazeti tena, halafu lenzi. Haikuwa ile. Ilikuwa zumu nzee ya 70 hadi 300, imeandikwa MACRO kwa herufi nyekundu, na chini yake kwa herufi ndogo sana 1:4.

Hapo ndipo wengi tunapigwa, kwa hiyo niseme polepole. Viwanda vingi huandika neno hilo kwenye zumu kumaanisha tu kwamba inasogea karibu kuliko kawaida. 1:4 maana yake negativu ya milimita 36 inakaa kwenye milimita 9 za kihisi. Kwangu hiyo haifiki hata nusu ya upana. Sehemu nyingine yote ya picha ni giza la fremu. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kwa nyuma: kuvu, nyuzi nyeupe zimetandaa kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui.

Nikajifariji kwamba angalau pete ni nzima. Kwa macho pini zilikuwepo, za rangi ya dhahabu, zimepangwa vizuri kabisa. Nilipofika nyumbani nikavalisha pete moja na lenzi yangu ya milimita 50, nikawasha kamera. Pale ambapo huandikwa namba ya tundu, f/8 au f/5.6, ikaandika 00. Nikabadilisha pete, 00. Nikafuta pini kwa kifutio cha penseli, 00. Kesho yake fundi wa simu hapa Oginga Odinga Street akafungua skrubu nne ndogo za nyuma, akanionyesha bila kusema neno: pini zimegandishwa kwa gundi, hakuna hata uzi mmoja wa waya kutoka upande huu kwenda ule. Mapambo.

Nisieleweke vibaya. Pete bubu za bei rahisi si takataka, na kama angeniambia ni bubu pengine ningezinunua kwa elfu moja. Kosa ni kumuuzia mtu bubu kwa bei ya msemaji.

Nilipompigia alikuwa mpole ajabu. Akasema nitume mzigo urudi, pamoja na 1,500 za "kufungua risiti ya kurudisha". Huyo wa Kakamega alizituma, na mzigo wake nao ukapotea. Mimi nilipokataa nikafungiwa WhatsApp dakika hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshapeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimetolewa siku ileile nilipotuma. Nimeandikisha OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ipo. Afisa aliyeniandikia alitaka kujua kwanza pete za lenzi ni kitu gani. Nilimchorea kwenye kipande cha karatasi. Mliolizwa na huyu mtu, andikisheni na nyinyi, mtaje namba ileile ya simu, maana malalamiko ya mtu mmoja hulala kwenye faili.

Anayenunua kwa mtu mwingine yeyote, mwombe video moja tu: kamera imewashwa, pete na lenzi vimevaliwa, kidole kinazungusha gurudumu, na namba ya tundu inabadilika kwenye skrini, huku jina lako liko kwenye karatasi kando yake. Ni sekunde kumi. Na lenzi imulikwe kwa tochi.

Negativu za baba mdogo, kwa taarifa yenu, zinaendelea, na hapa ndipo roho inaniuma. Gawanya urefu wa pete kwa milimita za lenzi utapata ukuzaji: 31 kwa 50 ni 0.62. Yaani lenzi yangu ya kawaida na pete moja ya 31 zilitosha tangu mwanzo, makro sikuihitaji. Kwa vile pete ni bubu, navalisha kwanza lenzi moja kwa moja kwenye kamera, naweka f/8, nabonyeza kile kitufe cha kuonyesha kina cha picha, ambacho hulibana tundu, na nikiwa bado nimekibonyeza nachomoa lenzi. Tundu linabaki limebanwa pale pale. Halafu navalisha pete. Kamera inaandika 00 yake, mimi napiga. Kona zinalegea kidogo, lakini sura za watu zinasomeka.

Nilikuwa nimeshaacha kumfuatilia. Jana usiku tangazo limerudi, jina jipya, namba mpya, bei 16,000. Meza ni ileile ya mbao, na mundu uko palepale ukingoni.