Nimebadilisha mtutu wa Remington 700: uzoefu wangu

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mambo ya bunduki nimeyajulia ukubwani, huku Colorado. Yangu ni Remington 700 ya mkono wa pili, inayotumia risasi za 7mm Remington Magnum. Risasi hizo zinafika mbali na zinamwangusha elki, yule kulungu mkubwa wa huku, bila shida, ila zinakula mtutu. Baruti nyingi inapita kwenye tundu dogo, na moto wake unaunguza chuma pale mbele ya chemba, yaani tundu la nyuma risasi inapokaa.

Bunduki ikaanza kutawanya risasi. Kwa yadi 100, risasi tatu zilizokuwa zikikaa ndani ya inchi moja zikawa zinaachana inchi nne. Nilikaza skrubu za darubini, nikasugua mtutu mpaka shaba yote inayoachwa na risasi ikatoka, nikajaribu risasi za kampuni nyingine. Wapi! Fundi akaingiza kamera nyembamba, tukatazama wote kwenye skrini: mwanzo wa mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Kununua mtutu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kisheria Marekani inahesabu ule mwili wenye namba kuwa ndiyo bunduki. Mtutu ni kipuri, wangu nililetewa mlangoni. Nilichukua wa chuma cha pua, inchi 24, risasi ile ile ya 7mm. Ningeweza kuhamia risasi kubwa zaidi, .300 Winchester Magnum, maana kitako cha ganda ni kipana vile vile na boliti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, haibadiliki, lakini sikuona sababu ya kuongeza teke begani.

Kazi yenyewe, heko kwa fundi. Siku ya kuchukua alinionyesha vipimo viwili vya chuma vya kupima urefu wa chemba, kimoja kifupi na kimoja kirefu kidogo: boliti ikafunga laini juu ya cha kwanza, juu ya cha pili ikagoma. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha akapitisha noti ya dola kati ya mtutu na mti wa bunduki, ikateleza hadi karibu na chemba bila kukwama, yaani mtutu haugusi mti. Jina la risasi amelichonga upya ubavuni, safi kabisa.

Kilichoniudhi ni mawasiliano. Aliahidi wiki sita, zikawa karibu mara mbili, na simu hapokei. Halafu mtutu mpya ni mnene kuliko wa zamani, ikabidi mti uchongwe, na hela ya kuchonga nikaikuta kwenye bili bila kuambiwa. Jumla imekaribia dola 900, mtutu ukiwemo. Kwa pesa hizo unapata bunduki mpya ya kawaida dukani, hilo nalikubali. Ila haitapiga hivi: sasa risasi tatu zinakaa chini ya inchi moja, na kusafisha ni vitambaa vichache tu.

Uzito umeongezeka kidogo, mlimani unausikia. Na chuma kinameta mno juani. Mwambie fundi aufifishe mng'ao mapema.

Nitarudi kwake, ila nitampelekea mwezi wa pili. Ikifika wa nane, msimu wa uwindaji ukikaribia, kila mwindaji anakumbuka bunduki yake.