Krayoni ya zambarau na ukuta wa nyumba ya kupanga

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Nililipa kwa simu kabla ya kukifungua, na nyumbani nikakuta ukurasa mmoja umeungwa kwa selotepu. Nimeshasamehe.

Ni Harold and the Purple Crayon cha Mmarekani Crockett Johnson, kilichotoka mwaka 1955. Mtoto aliyevaa pajama anataka kutembea kwenye mbalamwezi, lakini mwezi haupo. Anauchora. Hana njia, anaichora pia. Safari nzima ni hiyo, krayoni mkononi. Mama yangu alipokifungua alisema, "Mbona mmeuziwa karatasi nyeupe?" Ni kweli, kurasa nyingi zina mstari wa zambarau na kadogo kenyewe tu.

Ukurasa ulioninasa ni wa joka. Harold amechora mtufaha, akaweka joka chini yake lilinde matufaha. Joka likawa baya mno hata yeye aliyelichora akaliogopa. Anarudi kinyumenyume, mkono wenye krayoni uko nyuma ya mgongo, unatetemeka, na mtetemo ule unaacha mawimbi. Binti yangu wa miaka minne aliona kabla yangu: "Baba, anajichorea maji!" Kufungua ukurasa wa pili, Harold kazama. Akachora mashua.

Namsomea kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo, na hapo ndipo kazi ilipo. Ufukweni Harold anajichorea pai za aina tisa, zote anazozipenda, na zinazobaki anawaachia wanyama wawili. Nungunungu alikuwa rahisi. Yule mwingine, mnyama wa nchi za baridi mwenye mapembe mapana, nilimfanya kongoni. Pai ziligeuka vitumbua, binti akataka tuvitaje kimoja kimoja hadi tisa. Tulikwama cha nne. Mwishoni kuna mzaha ambao Kiingereza hutumia neno moja kwa kuchora na kwa kuvuta shuka. Nilijaribu "akajichorea shuka, akajifunika", mzaha ukafia mdomoni. Ila Kiswahili nacho kilinilipa: binti aliuliza kama Harold akilamba krayoni ulimi unakuwa kama wetu msimu wa zambarau. Mwenye kitabu cha Kiingereza hawezi kuulizwa swali hilo.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ningekinunua tena, hata kwa bei ya dukani. Mpwa wangu wa miaka tisa alikimaliza kwa dakika tatu akauliza kama kuna kingine.

Angalizo moja: fichani krayoni. Harold hupata njia ya nyumbani kwa kukumbuka kwamba mwezi hukaa katikati ya dirisha la chumba chake. Kwetu dirisha la chumbani linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo binti kachora wa kwake juu ya kitanda, mkubwa kama sinia. Mwenye nyumba huja mwisho wa mwezi, na mwezi huu sabuni imeshindwa kuufuta.