Kucha mpya, ganda limekwama vilevile

Fundi huyu nilimpelekea bunduki kwa miguu yangu mwenyewe, kwa kusifiwa na watu ninaowaheshimu. Ni kaliba .375 ya boliti, lile komeo la kuvuta kwa mkono, yenye kucha ndefu (ndoana ya kuchomolea ganda la risasi) ya mtindo wa bunduki za Mauser 98, nimeiwindia miaka. Msimu uliopita ikaanza ukaidi: unafyatua, boliti inanyanyuka kwa shida, ukiivuta inakuja mikono mitupu, ganda limebaki kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Na mbele yako yupo nyati mwenye jeraha.

Jamaa aliipokea, akachezesha boliti mara mbili, hana hata risasi bandia ndani. "Kucha imechoka, mzee. Tunabadilisha." Nikamwuliza kama chemba ameimulika. Akacheka, akamgeukia kijana wake: "Kumbe na huyu fundi!" Mbele ya wateja. Nikalipa, nikanyamaza.

Siku ya kujaribu shabaha, risasi ya tatu ikagoma. Nikavuta kwa hasira. Kucha mpya, kali kama wembe, ikamega kipande cha ukingo wa ganda kama mtu aliyeng'ata kashata. Ganda lenyewe tuli. Tukachomoa boliti, tukalisukuma kwa ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Nilipoligeuza juani nikaona vipele vidogo ubavuni, kama ndui. Nikazungusha pamba ndani ya chemba, ikatoka nyekundu. Kutu! Risasi ikilipuka ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, halafu linywee kidogo ndipo litoke. Kuta zikiwa na vishimo, shaba inaingia humo na kung'ang'ania. Kucha ya zamani ilionewa bure. Tochi ya simu tu ingetosha, jamani.

Haki yake nimpe. Kutu hiyo niliilea mimi: masika yote bunduki ililala kwenye mfuko wa ngozi, na ngozi inatunza unyevu. Risasi nazo nilizoea kuziacha juu ya dashibodi ya Land Cruiser, jua linazipika, na baruti yenye joto inapandisha presha, ganda linazidi kukaza. Na kucha aliifunga vizuri, haichezi hata kidogo. Kwa hiyo nilikuwa nimpe nyota tatu.

Nikampigia, kwa adabu kabisa. "Mzee, si ulitaka kucha? Nimekuwekea kucha." Mimi nilitaka kucha? Mimi?! Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wake aliyenipa kiti.

Chemba imekuja kusuguliwa na mzee mmoja mstaafu, aliyewasha tochi kabla hata ya kunikaribisha chai. Sasa maganda yanaruka yenyewe. Ila kitako kimepata ufa, na kwa kazi ya mbao sijaona wa kumfikia yule jeuri. Wiki ijayo nampelekea. Namtuma mwanangu, mimi nitabaki garini.