TAHADHARI: Wakala anayeuza "kazi za kufundisha Kiingereza Japani"

Wadau, kuna wakala anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu na wahitimu wasio na ajira. Anatangaza nafasi za kufundisha Kiingereza Japani. Jina anabadilisha, namba anabadilisha, ila maneno ni yale yale: "Nafasi zimebaki chache dada angu, kamilisha leo." Mpwa wangu, ana shahada ya ualimu na yuko nyumbani tu, alinitumia karatasi alizopewa kabla hajatoa hata senti. Nimezisoma zote. Ni utapeli, tena umeshonwa vizuri kuliko ule wa kazi za Uarabuni tuliouzoea.

Unaanza na ada ya usajili, shilingi 150,000, "tuma na ya kutolea". Kisha unaletewa mkataba. Huo niliousoma una muhuri mwekundu wa duara kwenye kila ukurasa, na mihuri yote imelala kwa pembe ile ile, na chini kila mmoja una doa lile lile la wino. Yaani mmoja umenakiliwa ukabandikwa kote. Anwani ya shule ni "Osaka, Tokyo", sawa na kuandika Mwanza, Dodoma. Mshahara umewekwa kwa dola: 4,500 kwa mwezi. Mwalimu wa Japani analipwa kwa yeni, na shule za lugha za binafsi mara nyingi hutoa kama yeni 230,000 hadi 280,000 kwa mwezi. Huyu bwana anaahidi zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa mtu asiye na uzoefu.

Baada ya mkataba ndipo linakuja lenyewe: "ada ya COE", shilingi milioni 2.4. COE ni hati ya uhamiaji wa Japani inayothibitisha kwamba unastahili kuishi na kufanya kazi kule, na ukiwa nayo ndipo unaomba viza ubalozini. Kwa kazi za namna hii anayeiombea ni mwajiri, akiwa huko huko Japani, na uhamiaji hawatozi ada yoyote ya maombi. Mtu anakuuzia kitu cha bure ambacho wala hana uwezo wa kukiomba! Tangu Machi 2023 hati hii inaweza kutolewa kwa barua pepe, na hapo ndipo matapeli wamepata mwanya: wanakutumia PDF ya kughushi, wanakwambia inaisha baada ya miezi 3 (hilo kweli), basi lipa tiketi wiki hii.

Njia za kweli zipo, na ukizijua huyu hana pa kukushika.

Ya kwanza ni JET, mpango wa serikali ya Japani wa kupeleka watu wa nje kusaidia kufundisha lugha shuleni, ulioanza 1987. Unaomba kupitia ubalozi wa Japani, na ukichaguliwa nauli wanalipa wao. Maombi kwa kawaida hufunguliwa miezi ya mwisho ya mwaka, usaili mwanzoni mwa mwaka unaofuata, safari Julai au Agosti. Si kila nchi inashiriki, kwa hiyo uliza ubalozini: Dar uko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Nairobi uko Upper Hill. JET haina wakala. Akikwambia ana "nafasi zake" ndani ya JET, mfute.

Ya pili ni kampuni zinazopeleka walimu wasaidizi kwenye shule za serikali, kama Interac. Hapa kuna jambo ambalo wakala hakutajii hata siku moja. Kwa viza ya kazi hiyo kuna sharti la kusoma miaka 12 kwa lugha unayotaka kufundisha. Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya Kiswahili akihesabu Kidato cha Kwanza hadi cha Sita na chuo miaka 3 anapata miaka 9. Hatoshi. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne ana nafuu hapo. Inauma, lakini bora ulijue ukiwa na pesa zako mfukoni.

Ya tatu ni shule binafsi za mazungumzo, kama AEON na ECC, ambako msingi ni shahada. Matangazo yake yako wazi kwenye GaijinPot, tovuti ya ajira za Japani, ila mengi yanataka mtu ambaye tayari yuko Japani, au ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza. Cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni) anachokuuzia wakala kwa laki nne si sharti la viza.

Mpwa wangu alipoanza kuuliza maswali, jamaa akageuza: "Ingia na viza ya utalii, tutabadilisha ukifika." Kufanya kazi kwa viza ya utalii ni kosa, na ukifukuzwa kule unafungiwa kuingia kwa miaka 5. Akamjia tena na "viza ya likizo na kazi". Ipo kweli, ila hakuna nchi ya Afrika kwenye orodha yake. Mwisho akamtupia wazo la kwenda kusoma shule ya lugha ya Kijapani kule: ada mamilioni, na mwanafunzi akipata kibali anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki.

Ukiletewa jina la kampuni, omba namba yake ya usajili. Kila kampuni ya Japani ina namba ya tarakimu 13, unaitafuta bure kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya Japani. Wakala wa hapa naye aonyeshe leseni. Bongo waulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira; Kenya waulize NEA, mamlaka ya taifa ya ajira.

Kama umeshatuma pesa, piga simu kwa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, usifute meseji hata moja, kisha nenda polisi. Na kama kashika pasi yako akisema ataitoa ukimalizia deni, mwambie polisi hilo kwanza. Pasi ni mali ya serikali, wakala hana haki ya kuiweka rehani.